Bwawa la Tatu Chini ya Tallisurkh

Mheshimiwa Bahriddin Sattorzoda, Naibu Mkuu wa Wilaya, uliyekuja na mkasi wako mwenyewe wa kukatia utepe. Mheshimiwa Kholmurod, mwenyekiti wetu wa kijiji cha Chashmasor, uliyeninong'oneza sasa hivi nisizidishe dakika tano. Wazee wangu mliokaa mbele kwenye mazulia. Mama zangu na dada zangu mliotangulia kupata upande wenye kivuli. Ndugu wageni mliotoka Dushanbe, ambao majina yenu nimeambiwa haraka haraka na sikuyashika, mnisamehe. Wana Chashmasor wenzangu wote, wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini: nawaamkieni kwa heshima zote. Na wewe, Mpishi Tagoymurod, huko nyuma kwenye moshi, nimekuona. Tulivyokubaliana ni vilevile.

Leo tumekusanyika kwa mambo mawili. Tunafungua bwawa, na mimi, Mirzosharif, mpimaji wa ardhi wa wilaya hii kwa miaka ishirini na miwili, nastaafu. Wilaya iliona kwamba shughuli mbili zitataka pilau mbili, ikaamua kuziunganisha. Sina kinyongo. Mheshimiwa Mwenyekiti, kuhusu dakika tano: katika miaka yote hii nimekuomba dakika tano mara nyingi sana, mlangoni kwako, msibani, sokoni, hata ukiwa kwa kinyozi, na kila mara uliniambia, "Kaka Mirzosharif, kesho." Leo nazichukua zote kwa pamoja.

Mnajua nina tabia ya kuandika kila siku katika daftari. Mvua imenyesha kiasi gani, theluji imeyeyuka lini, nani amelima wapi. Mke wangu analalamika kwamba nimeiandika mvua kuliko nilivyomwandika yeye, na ni kweli, ingawa yeye hajawahi kubomoa ukuta wa mtu. Nimeyaleta madaftari yangu matatu. Sitayasoma yote, msiogope. Nitasoma mistari michache tu, kwa sababu nimegundua kwamba katika kijiji hiki kila mtu anakumbuka sherehe na hakuna anayekumbuka sababu.

Tarehe 19 Septemba 1998. "Tumefungua bwawa. Utepe mwekundu. Mgeni rasmi amesema hili ni bwawa la vizazi." Tarehe 4 Oktoba 2008. "Tumefungua bwawa. Utepe wa kijani. Mgeni rasmi amesema hili ni bwawa la vizazi." Na leo, tarehe 12 Oktoba 2019, utepe ni wa buluu, na hotuba ya Mheshimiwa Naibu niliiona mezani wakati karatasi zilipopeperuka, nikazikusanya mimi mwenyewe. Ukurasa wa pili, mstari wa juu. Bwawa la vizazi. Mheshimiwa, nakuuliza kwa adabu zote: ni vizazi gani hivyo vinavyoishi miaka kumi?

Maana wageni wetu wanaweza kujiuliza, haya mabwawa mawili ya kwanza yako wapi? Hayajaenda popote. Mheshimiwa Naibu, kiti chako kimewekwa juu ya bwawa la kwanza. Mita tatu chini ya viatu vyako kuna ukuta wa zege, na mimi ndiye niliyeshika kamba ulipopimwa. La pili ni lile shamba la matikiti pale kulia, ambalo Mwenyekiti analisifia kwa wageni kwamba lina udongo mzuri kuliko mashamba yote ya bonde hili. Kwa nini usiwe mzuri? Ni udongo wa juu wa kilima kizima, umeletwa bure mpaka hapa!

Udongo wetu mnaujua. Ni wa manjano, laini kama unga uliochekechwa, na una kina kirefu kuliko kisima. Ukiuacha na nyasi zake, unakunywa theluji yote ya majira ya baridi na kuitoa polepole kwenye chemchemi mpaka mwezi wa nane. Ukiuchana kwa plau kutoka kileleni kwenda chini, mvua ya kwanza ya Aprili inaukuta umelegea, na kila mtaro wa plau unakuwa mfereji. Sikusoma jambo hili chuoni. Mimi nimemaliza sekondari na kozi ya miezi minne ya kupima ardhi, na wote mnaoniita "Injinia Kamba" mnaniita hivyo kwa kunicheka, nalijua hilo. Lakini kumwona mtu anamwaga unga kwenye maji ya kinu kunahitaji chuo gani?

Sasa nije kwenye hashar, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili limenitoa usingizi kuliko mengine yote.

Hashar ni fahari yetu. Mwenzako anajenga, wote mnakwenda. Mfereji umeziba, wote mnatoka na makoleo. Ni desturi ya baba zetu na sina neno nayo. Lakini niwasomee daftari. Tarehe 27 Machi 2010, wiki ya sikukuu ya Navruz: "Hashar ya kutoa tope bwawani. Watu 61. Tela 140. Kondoo wawili. Watu wamefurahi sana." Tarehe 26 Machi 2011: "Watu 74. Tela 190. Kondoo watatu. Ngoma." Tarehe 31 Machi 2012: "Watu 112. Wameongezeka vijana wa kijiji cha jirani ambao hawanywi maji ya bwawa hili. Nimemuuliza mmoja amefuata nini. Amesema, 'Pilau yenu ya tope, mjomba, inasifika mpaka kwetu.'"

Pilau ya tope! Tumefika mahali ambapo uharibifu wetu una chakula chake na sikukuu yake. Mwaka ule nilisimama ukingoni mwa bwawa, nikawasikia wazee wawili, na mmojawapo yuko hapa mbele yangu na anatazama pembeni. Mmoja alisema, "Ndugu yangu, mwaka huu tope limekuja vizuri." Mwenzake akajibu, "Ee, laini, halichoshi mgongo. La mwaka juzi lilikuwa na mawe." Walikuwa wanalinganisha tope kama watu wanaolinganisha tikiti! Nikauliza, "Wazee wangu, hamwoni kwamba mnachota mashamba yenu wenyewe?" Yule wa kwanza akanitazama kwa huruma. "Injinia," akasema, "kaa ule. Ukishiba utaona vizuri."

Nilikula. Sikuona vizuri.

Nilikuwa nimesimika fimbo ya mlozi katikati ya bwawa la pili, mita mbili, nimeichonga alama kila upana wa kiganja, ili kila mtu apitaye aone tope linavyopanda. Mwaka wa kwanza viganja viwili. Mwaka wa pili vitano. Mwaka wa tatu nilikwenda kusoma alama nikakuta hakuna fimbo. Niliitafuta kijiji kizima. Nikaikuta siku ya hashar: imetiwa koleo mwishoni na mtu anachotea tope. Alama zangu zote zipo, zimeng'arishwa na jasho la viganja.

Tayari Februari ya 2012, kabla ya hashar ile ya watu 112, tulikuwa tumekaa siku tatu pale shuleni, tukaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wengi wenu mlikuwepo. Tulibishana mpaka sauti zikakauka, lakini tulikubaliana. Ramani ilikuwa na rangi tatu. Chini kwenye tambarare, kijani: lima ngano yako unavyotaka. Katikati, manjano: lima kwa kukingama mlima, kwa kufuata kontua, na kila hatua ishirini uache ukanda wa nyasi usioguswa. Juu, penye mteremko mkali wa Tallisurkh, nyekundu: usipige plau kabisa, panda malisho na milozi. Watu arobaini na saba walitia saini. Wilaya ikaifunika ramani kwa plastiki nzito isiharibike, ikatundikwa kwenye nyumba ya chai.

Ilitundikwa kwa miezi mitano. Mwezi wa sita tangu itundikwe, mtoto wa Mwenyekiti alioa, wageni wakazidi, vitambaa vya kuandalia chakula vikapungua, na mtu mwenye akili nyepesi akasema, "Mbona kuna plastiki ile pana kwenye nyumba ya chai?" Mheshimiwa Mwenyekiti, usikunje uso, harusi ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe nilikaribishwa. Nikaketi, nikaletewa mkate na supu, nikainamisha kichwa kumshukuru Mungu, nikakuta nakula juu ya mpango wa matumizi ya ardhi. Doa la mafuta ya kondoo lilikuwa limekaa juu ya Tallisurkh yenyewe, na halijatoka mpaka leo. Ni jambo moja tu lililonifariji: kwa mara ya kwanza watu mia tatu walikuwa wameuzunguka mpango ule.

Na vuli ile ile, Tallisurkh ikalimwa kutoka juu kwenda chini.

Safarali, simama kidogo wakuone. Huyu ndiye dereva wetu wa trekta, na kabla hamjamnung'unikia nataka niseme haki yake. Nilimfuata siku ile juu ya kilima, napumua kama mvukuto. Nikamwambia, "Safarali, umetia saini. Kwa nini hulimi kwa kukingama?"

Akazima injini. "Kaka Mirzosharif, hili trekta ni la mwaka themanini na mbili. Nikilipitisha kwa ubavu hapa, litalala. Likilala, litaviringika. Likiviringika, litafika kwa mama mkwe wangu kabla yangu. Wewe utamweleza nini?"

"Basi usilime kabisa hapa. Ni nyekundu hapa."

"Mimi naona manjano," akasema, "udongo wote wa manjano. Kaka, mimi nalipwa kwa magunia ya ngano kwa kila hekta. Mwenye shamba akiniita, nakuja. Akiniambia nisije, nalala. Kamwambie mwenye shamba."

Unacheka, Safarali, lakini ulisema kweli. Trekta halipiti pale kwa ubavu. Nilirudi nyumbani nikaandika: "Kama chuma cha tani tatu kinaogopa kusimama kwenye mteremko huu, kwa nini tunautegemea udongo usimame?" Swali hilo nimekuwa nalo miaka saba. Keti, Safarali, ahsante.

Basi nikamwendea mwenye shamba. Hekta nane za juu, zile nyekundu, zina cheti cha jina la Bibi Oyshamo, ambaye amekaa pale karibu na nguzo na skafu yake nyeupe. Bibi, umeniruhusu jana niyaseme haya, na nitayasema kama yalivyokuwa.

Nilimkuta anapiga mikate kwenye ukuta wa tanuri. Nikamweleza kuhusu rangi, nyasi, chemchemi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa mkate mmoja, akanipa. Akasema, "Mwanangu Mirzosharif, yote nimeelewa. Sasa nisikilize na mimi. Jirani yangu alipumzisha shamba lake miaka miwili. Kamati ikaja, ikaandika 'ardhi isiyotumika', ikaondoka na cheti chake. Mimi ni mjane. Sina mtu wa kukimbia ofisini. Kila vuli napanda ngano pale juu ili nisinyang'anywe."

"Na unavuna nini, Bibi?"

"Mbegu zangu zinarudi, mwaka mzuri. Mwaka mbaya hazirudi." Akachukua donge jingine la unga. "Navuna cheti, mwanangu. Hayo ndiyo mavuno yangu."

Nilitoka pale haraka, nimeshika mkate wa moto. Kwa sababu nilijua ni nani aliyepeleka taarifa za mashamba kwa ile kamati. Kila vuli simu ya wakubwa hulia ofisini. Hawasalimii sana. "Hekta ngapi zimepandwa Chashmasor?" Unawatajia. "Mwaka jana zilikuwa zaidi. Zipandishe." Miaka ishirini na miwili nimeipokea simu ile. Hakuna hata siku moja sauti ile iliyowahi kuniuliza: hekta ngapi zimebaki? Mheshimiwa Naibu, naomba ulibebe swali hili urudi nalo wilayani, ni jepesi, halizidi mkasi.

Sasa mniruhusu nisome ukurasa mmoja ambao sipendi kuusoma.

Tarehe 6 Mei 2018, Jumapili. "Mvua kubwa kuanzia saa nane mchana, dakika arobaini. Tope limeshuka kutoka Tallisurkh. Bwawa la pili limejaa hadi ukingoni, halionekani. Tope limepita uani kwa Bibi Oyshamo. Tanuri limezikwa. Ng'ombe amefia bandani. Watu wote wamesalimika, alhamdulillahi. Mtaa wa chini hawana maji ya kunywa."

Nilifika pale jioni mvua imekwisha. Tope lilikuwa limefika kwenye madirisha, na juu yake mabua mabichi ya ngano yamesimama wima kama yalivyopandwa. Bibi Oyshamo alikuwa amesimama kwenye ngazi na ubao wake wa mikate chini ya kwapa, ndicho kitu pekee alichowahi kukishika. Nilimkaribia kumpa pole. Yeye akanitangulia. "Umeona, mwanangu?" akasema. "Shamba langu limenifuata nyumbani."

Tangu siku ile mpaka juzi, mwaka na miezi mitano, akina mama wa mtaa wa chini wamebeba maji kwa punda kutoka mtoni. Hilo mnalijua, hamhitaji daftari. Tumelijenga bwawa hili la tatu kwa jasho, na ni zuri, kuta zake zimenyooka, nimezipima mwenyewe. Lakini inueni macho, nyote, wageni na wenyeji. Mnaona nini pale juu? Mabua. Na chini ya ule mti wa mjozi, mnaona nini? Trekta la Safarali, limeshatiwa mafuta. Jumatatu, keshokutwa, Tallisurkh inalimwa kutoka juu kwenda chini kama kila mwaka. Utepe tunakata Jumamosi, kaburi tunaanza kulichimba Jumatatu! Wenzangu, je, hatuwezi hata kusubiri wiki moja kwa ajili ya aibu?

Mnadhani nimekuja kuwalaumu ninyi tu. Hapana. Sasa nafika kwangu.

Fomu ya vuli ya matumizi ya ardhi ina safu kumi na moja. Ya kwanza ni ngano, ya pili ni shayiri, na kuendelea. Safu ya tisa imeandikwa "malisho ya kudumu yaliyopandwa". Mwaka 2015 nilimuuliza aliyekuwa mkubwa wangu, ambaye sitamtaja, "Safu ya tisa ni ya nini?" Akasema, "Ni ya kuacha wazi." Nikaiacha wazi. Mwaka huo, na uliofuata, na uliofuata. Mimi, ninayewacheka watu kwa kutouliza sababu, niliambiwa niache wazi nikaacha wazi. Agosti mwaka huu, nilipokuwa nasafisha meza yangu ili nistaafu, fomu ile ikanikaa mkononi, nikajiuliza: mtu alipiga mstari, akachapa maneno, ili pabaki patupu? Nikapiga simu makao makuu. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu aliyechoka. Nikamuuliza kama shamba lililopandwa malisho ya kudumu linahesabiwa kuwa linatumika.

"Baba," akasema, "umeshika fomu gani?"

"Ya ardhi inayotumika."

"Na safu ya tisa iko kwenye fomu gani?"

"Kwenye hiyo hiyo."

"Basi baba yangu, umenipigia simu kuniuliza nini?"

Nilimshukuru, nikakata, nikakaa kwenye kiti changu mpaka mlinzi akaja kufunga. Bibi Oyshamo, nimekuja kwako kuomba radhi faraghani, na naiomba tena hapa mbele ya watu. Miaka minne ulilima kilima kile kwa hofu ambayo jibu lake lilikuwa mezani kwangu. Ng'ombe wako alikufa juu ya safu niliyoiacha wazi.

Kwa hiyo, waheshimiwa, sikuja leo na hotuba tu. Hii hapa ndiyo fomu. Nimeijaza kwa mkono wangu. Hekta nane za Tallisurkh, safu ya tisa: esparseti, ile mimea ya malisho yenye maua ya rangi ya waridi ambayo nyuki wanaipenda na kondoo wanaiota. Ukiipanda mara moja, inakaa miaka mitano, sita, mizizi yake inashuka kuliko urefu wa mtu. Mbegu ziko. Magunia kumi na sita yamepangwa barazani kwangu; mengine nimevuna nyuma ya nyumba, mengine nimebadilishana na watu wa bonde la pili kwa tufaha kavu. Hatuhitaji trekta. Zipo jozi mbili za ng'ombe wa kukokota haro, ile reki kubwa ya kufukia mbegu, kwa kukingama mlima, nao ng'ombe hawalali ubavu. Na Safarali hatakosa kazi: nyasi kavu za hekta nane haziteremki zenyewe, tela ni lako, na malipo yako ni sehemu ya nyasi, tumeshaongea na umekubali. Au umebadilika? Anatikisa kichwa kwamba hajabadilika. Vizuri, watu wameona.

Inatakiwa saini tatu: ya mwenye cheti, ya mwenyekiti, na ya naibu mkuu wa wilaya. Halafu muhuri wangu. Na muhuri huu, mnaouona, nautumia kihalali mpaka jua litue leo. Jumatatu utakuwa mikononi mwa mwenzangu mgeni, mtu mzuri, lakini simu ikilia atatajiwa ngano, naye atasema ngano, kama nilivyosema mimi.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri, aache fomu mezani, tutaiangalia baada ya chakula. Ndugu zangu, ni karatasi ngapi zimeachwa mezani mpaka baada ya chakula, na moja ikawa ndiyo meza yenyewe? Kwa hiyo nilichukua hatua. Mpishi Tagoymurod, kama wote mnavyojua, amemwoa dada yangu. Pilau iko tayari tangu robo saa iliyopita. Mfuniko uko juu, na juu ya mfuniko kuna jiwe, na juu ya jiwe kuna mkono wa Tagoymurod. Ameapa kwa karoti zake kwamba hafunui mpaka aone saini tatu. Shemeji, ni kweli au si kweli?

Mmemsikia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakuona unacheka, lakini nakuona pia unatazama sufuria. Wageni wa Dushanbe, poleni, ninyi hamna kosa. Sauti gani hiyo? Nani amesema "Injinia ametufunga kamba"? Ni kweli. Nimeinunua mwaka 1997 na leo ndiyo mara ya kwanza imefunga kitu.

Naona Bibi Oyshamo ameinuka. Mpisheni njia, tafadhali. Karibu, Bibi. Hapa, kwenye mstari wa kwanza. Ndiyo, ni jina lako tu. Hapana, hawachukui cheti. Nakuapia. Hiki hapa kipengele, soma mwenyewe, ninashikilia karatasi, upepo. Chukua muda wako wote. Watakusubiri. Wewe umewasubiri vya kutosha.

Ahsante, Bibi.

Mheshimiwa Kholmurod, kalamu. Nakushukuru. Umetia saini kwa haraka kuliko siku ile ya ramani, sijui ni mapenzi ya udongo au ni harufu.

Mheshimiwa Naibu, mkasi uko mkono wako wa kulia, na hii ni kalamu. Utepe wa buluu nitaukata mimi mwenyewe kwa meno ukitaka, lakini saini hii siwezi kukuandikia. Ukitia, utakuwa mgeni rasmi wa kwanza kati ya watatu ambaye bwawa lake litazidi umri wa kiti chake cha kazi. Usipotia, basi miaka kumi kutoka leo kiti cha mgeni rasmi wa nne kitawekwa pale mlipochimba, naye atasema bwawa la vizazi, na mimi, nikiwa hai, nitakuja na daftari.

Anasoma. Mwacheni asome, mtu anayesoma kabla ya kutia saini ni wa kuheshimiwa.

Wakati anasoma, nimalizie neno na ninyi wana Chashmasor. Sitawadanganya: Machi ijayo bado kutakuwa na tope, na Machi ya mwaka wa pili kidogo, mpaka mizizi ishike. Makoleo msiyauze. Lakini hashar msiiache. Mwaka wa tatu, wiki ya Navruz, nataka kuwaona hapa wote, na vijana wa kijiji cha jirani na waje, na kondoo wawe wanne. Tutakaa ukingoni, tutatazama maji, hatutachimba kitu. Wazee wangu wawili mtashindanisha maji ya mwaka huo na ya mwaka juzi. Na mimi nitaandika tarehe, idadi ya watu, na pale kwenye tela nitaandika sifuri.

Namshukuru mke wangu, aliyekausha madaftari haya juu ya jiko kila niliporudi nimelowa. Nawashukuru ninyi nyote mliostahimili maneno yangu mkiwa na njaa. Nimefika mwisho, mlionipa masikio yenu leo, Mungu awape na maji.

Ametia. Sasa muhuri wangu. Huo hapo.

Tagoymurod, shemeji yangu, ondoa jiwe.